Ini la Meneja

Wapo mke na mume waliokutana kwenye kwaya, na wapo waliokutana stendi wakigombea kiti kimoja. Mimi nawajua waliokutanishwa na ini la paka. Nasema nawajua kwa sababu ini hilo nililikata mimi, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo pale Tunduma, na mwezi uliopita nilivuka mpaka kwenda Nakonde kumzika huyo mume. Aliitwa Ba Chanda, mstaafu wa reli, mtu mrefu aliyepiga pasi shati lake hata siku ya kulima bustani. Msibani nilikaa mkekani pamoja na akina mama, na binti mmoja wa ukoo wake, ambaye hakuwahi kuniona, akaniuliza kwa adabu mimi ni nani kwa marehemu. Kabla sijapata jibu, mjane mwenyewe, Mama Sichone, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akainua kichwa akamwambia, "Huyu ndiye aliyetuunganisha." Yule binti akanipa mkono mara ya pili, akidhani mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Sikumsahihisha. Yapo mambo huwezi kuyaeleza kwenye mkeka wa msiba bila kuwachekesha watu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujifunika uso kwa khanga, wenzangu wakidhani ninalia.

Mwaka huo Songwe haikuwa mkoa. Tulikuwa bado pembe ya mwisho ya Mbeya, na Tunduma ilikuwa foleni ya malori yenye mji pembeni yake. Malori yalijipanga kutoka mpakani kurudi nyuma mpaka karibu na Mpemba, madereva wakipika ugali chini ya matela na kuanika nguo kwenye vioo vya pembeni. Duka letu lilikuwa kati ya fundi wa matairi na mama mmoja wa chipsi, kwa hiyo maisha yetu yote yalinuka mpira na mafuta ya kukaangia. Mbele palikuwa na rafu za dawa za minyoo, dawa za kupe na mabomba ya kunyunyizia. Nyuma ya pazia palikuwa na chumba cha matibabu: meza ya bati, sinki, na dirisha kubwa lililoangalia mashariki, ambalo lilikuwa ndiyo taa yetu ya kweli, maana umeme ulikuja ulipotaka. Ukuta uliotenganisha chumba hicho na benchi la kusubiria ulikuwa wa mbao nyembamba zilizopigwa misumari haraka haraka. Mtu akimeza mate kwenye benchi, sisi ndani tulisikia.

Mwenye duka alikuwa Daktari Nzunda, Mnyiha wa Hasamba, mzee aliyestaafu serikalini baada ya kuzalisha ng'ombe wa nusu ya wilaya ya Mbozi. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu, kama ninaogopa ng'ombe. Nikasema siogopi. Akasema vizuri, akanionyesha mahali pa kutundika koti. Kuhusu paka hakuuliza, na haikunichukua muda kujua sababu: alikuwa akiwaogopa yeye. Mkono uliokwisha kuingia ndani ya ng'ombe mpaka begani ulitetemeka ukiona mkia wa paka. Paka akiletwa mlangoni, mzee alikumbuka ghafla kwamba alikuwa na shughuli sokoni. Hakukiri hata mara moja. Alichokuwa akisema ni kwamba paka si mfugo, paka ni mpangaji, na daktari wa mifugo hana kazi na wapangaji. Lakini Tunduma ni mji wa maghala ya nafaka, na penye nafaka pana panya, na penye panya watu wanamtunza paka kuliko mlinzi. Kwa hiyo paka wote walikuwa wangu. Nao hawakuwa wengi. Siku nyingi niliuza dawa ya minyoo na kuwaelekeza watu bei ya chanjo ya kuku, na jioni, nikila chipsi peke yangu kwenye chumba changu cha kupanga, niliwaza kuacha kazi mwaka ukiisha, niende Dar es Salaam ambako nilisikia mbwa wana vitanda na wenye mbwa wanafuata ushauri. Nilikuwa nimesomea upasuaji. Kitu pekee nilichokuwa nimekikata tangu nifike ni kwato za mbuzi.

Mama Sichone alikuja asubuhi ya masika, amebeba tenga la kuku lililofungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, na stoo yake ilikuwa hatua chache kutoka mtaro uliogawa nchi mbili. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu walio juu ya lori. Nzunda alilichungulia tenga, akachukua kofia, akaenda sokoni. Ndani ya tenga alikuwamo dume mkubwa wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limepasuka, meno yamesagika kwa uzee, na tumbo kubwa kama la diwani. Jina lake Meneja. Mama alieleza kwamba alimpa jina hilo kwa kuwa ndiye pekee aliyeshinda stoo bila kuiba. Sasa Meneja hali, anavimba tumbo, na panya wamekwisha kupata habari. Majirani walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema amekula panya mwenye sumu, mwingine alisema amerushiwa kitu kilichokusudiwa mama mwenyewe, na mtoto wa jirani alisema ana mimba, akapigwa kofi kwa kukosa adabu.

Nilimpapasa. Uti wa mgongo ulikuwa umetokeza kama kenchi za paa lisiloezekwa, maana yake tumbo lile halikuwa unene. Chini ya mbavu, upande wa kulia, mkono wangu ukakuta kitu kigumu chenye vinundu kilichopanda na kushuka kila alipovuta pumzi. Nilimfunua midomo, ufizi haukuwa wa manjano. Nikamwambia mama kwamba nahisi ini lina uvimbe. Aliduwaa. Akaniuliza kama paka ana ini. Nikasema analo, kama sisi. Akamtazama Meneja kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kuliko zote nilizomsikia nazo siku ile, "Na mimi nimemlisha maini kila Jumapili." Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba alikuwa akimlisha mgeni nyama ya ndugu zake.

Kilichonitatiza kilikuwa maelezo yake. Alisema Meneja ameacha kula juma hilo hilo. Kutapika hajawahi, ni paka msafi. Kupungua alikuwa hajakuona. Uvimbe wa ukubwa ule hauoti kwa juma moja, na paka hawezi kuwa na kitu kama kile tumboni, kinachosukuma mfuko wa chakula, asitapike. Nilihisi ninaelezwa nusu ya ugonjwa. Nikaomba niachiwe mgonjwa nimwangalie, nikamweka kwenye kizimba kilichotengenezewa ndama, mahali ambapo Nzunda angeweza kupita kwa kuambaa ukuta.

Nusu ya pili ililetwa na Ba Chanda. Alitokea siku mbili tatu baadaye, kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka makunyanzi yakaona aibu. Alisalimia kwa Kibemba, mwapoleni mukwai, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha mpakani. Alisema amepotelewa. Paka wake, aitwaye Kapaso, yaani tarishi wa chifu, hajaonekana, na watoto wa upande huu wamemwambia daktari wa kike amemfunga paka mwenye sikio lililopasuka. Sikupata nafasi ya kujibu. Meneja, aliyekuwa amelala kama gunia tangu aletwe, alisimama, akajinyoosha, akasugua shavu kwenye nondo za kizimba na kuunguruma kwa furaha. Wakati huo huo Mama Sichone akaingia na bakuli la uji wa dagaa. Akaita, "Meneja!" Ba Chanda akaita, "Kapaso!" Yule paka akawajibu wote wawili kwa mlio mmoja, bila aibu yoyote.

Siwezi kuyarudia yote yaliyosemwa nusu saa ile. Kila mmoja alikuwa na ushahidi. Mama alimpata angali kinda, ameletwa kutoka Ibaba kwenye kiroba cha viazi. Ba Chanda alimkuta barazani kwake siku alipostaafu, wakatazamana, wakakubaliana. Mama alisema sasa ndiyo anaelewa kwa nini paka wake hupotea mchana. Ba Chanda alisema sasa ndiyo anaelewa kwa nini wake hupotea jioni. Mama akamwambia kwamba dagaa zake ndizo zilizomkuza. Ba Chanda akasema kwa upole kwamba Kapaso hajawahi kugusa dagaa, anakula kapenta. Daktari Nzunda, aliyekuwa akisikiliza kutoka upande salama wa pazia, akapaza sauti na kuwaambia kwamba ni samaki yule yule. Hawakumsikiliza. Lakini mimi katikati ya zogo lile nilisikia jambo lililonifanya nichukue kiti. Ba Chanda alisema Kapaso amekuwa akitapika kwake tangu kabla ya Krismasi, tena kwenye zulia, na kwamba alikonda kwanza kabla tumbo halijavimba. Kumbe paka yule alikuwa akitapika Zambia na kudumisha usafi Tanzania. Kule alikataa chakula, huku alijitahidi kukilamba kwa heshima. Ugonjwa wake ulikuwa wa muda mrefu, umegawanyika kwa mtaro, na hakuna aliyekuwa nao wote mpaka walipokuja kugombana mbele yangu.

Nilihitaji kuona ndani. Mashine ya ultrasaundi ilikuwepo moja tu niliyoijua karibu, kwenye zahanati ndogo ya uzazi nyuma ya stendi, na nesi aliyeiendesha, Sista Rehema, tulisali naye jumuiya moja. Alikubali kwa sharti kwamba tuje mchana akina mama wakishaondoka, na tupitie mlango wa nyuma. Tulifika mchana, lakini akina mama walikuwa bado hawajaondoka. Tukakaa kwenye foleni: mimi, tenga, Mama Sichone upande mmoja na Ba Chanda upande mwingine, kila mmoja ameshika mkono wa tenga kwa kuogopa mwenzake atakimbia nalo. Wajawazito waliokuwa kwenye benchi walimtazama Ba Chanda, wakamtazama Mama Sichone na umri wake, wakatazama sakafu kwa heshima. Kisha tenga likalia. Mjamzito mmoja akauliza kuna nini humo. Mama akajibu kwa sauti ile ya kwenye malori kwamba ni mgonjwa wa ini, na foleni nzima ikasogea mbali nasi kidogo, isipokuwa dada mmoja aliyesogea karibu, akasema afadhali nyie mna ini, mimi nimeambiwa mapacha.

Chumbani Sista Rehema alikuwa amechoka. Mwanga ulikuwa hafifu, mashine inanguruma, naye akapaka ile dawa ya baridi kwenye tumbo nililokuwa nimelinyoa na kuuliza, kwa mazoea ya kazi, hii ni mimba ya ngapi. Mama Sichone akamjibu kwamba ni dume. Sista akafikiri jibu hilo, akalikubali, akaendelea. Meneja alimng'ata mara moja tu, bila kinyongo. Kwenye kioo nikaliona: pande moja la ini, la kulia, limejaa vifuko vyeusi vilivyoshikana kama sega la nyuki. Mapande mengine yalionekana safi. Profesa wetu alitufundisha kwamba uvimbe wa ini kwa paka una sura nyingi. Upo ulioenea kote kama ukungu, huo ni wa kumwomba Mungu. Upo mmoja mkubwa uliokaa pande moja, wenye vifuko vya maji, na huo mara nyingi, kwa paka mzee, si saratani. Unaua kwa kubana tu na kujaza nafasi. Huo mtu anaweza kuukata. Mtu, alisema profesa. Hakusema mtu aliyekaa Tunduma na meza ya bati.

Niliwaeleza wote mezani kwa Mama Sichone, nyuma ya stoo, kati ya magunia. Alitupikia wali na maharage yenye nazi, na hata Ba Chanda alikaribishwa, kwa sababu kumnyima mtu chakula kulikuwa nje ya uwezo wake, hata akiwa amemwibia paka. Nilisema ukweli: nimeona upasuaji wa namna hii mara moja, kwa mbwa, na mimi nilikuwa nimeshika taa. Ini likiwa bovu, dawa ya usingizi inakawia kutoka mwilini na damu inakawia kuganda. Anaweza kufia mezani. Asipopasuliwa atakufa kwa njaa polepole, chakula kikiwa mbele yake. Daktari Nzunda alisema yeye hakatai wala hakubali, ila Tunduma hatujawahi kukata ini la kitu chochote nje ya bucha. Ba Chanda akasema tukate. Mama akasema hapana. Alisema kwa mkato, akainuka kwenda kuongeza maharage ambayo hakuna aliyeyaomba, na aliporudi akatuambia, amesimama na upawa mkononi, kwamba mume wake naye walisema watamkata kidogo tu, na alimsindikiza mpaka mlangoni, akaambiwa asubiri kwenye benchi. Hakueleza zaidi. Ba Chanda akaweka kijiko chini. Kisha mama akanigeukia mimi.

"Angekuwa wako, mwanangu, ungefanyaje?"

"Ningemkata, mama," nikasema. Nilisema haraka ili nisipate nafasi ya kujisikiliza.

Akanitazama kama anavyotazama mahindi, kwa kutafuta unyevu. Kisha akasema sawa, ila yeye hatakaa benchini peke yake.

Nilimchoma Meneja vitamini K siku chache kabla, ili damu isaidike kuganda, tukachagua asubuhi isiyo na mawingu ili dirisha lifanye kazi yake. Daktari Nzunda alinishangaza. Nilikuwa nimejiandaa kufanya kila kitu mwenyewe, naye akaingia akiwa amevaa koti jeupe ambalo sikuwahi kuliona, na akasimama kwenye kichwa cha mgonjwa, akashika sindano ya usingizi na kuhesabu pumzi. Nikamuuliza kama haogopi. Akaniambia kwamba paka aliyelala ni ng'ombe mdogo. Nikafungua tumbo. Uvimbe ukatoka wenyewe, kana kwamba ulikuwa umechoka kusubiri: kishada cha vifuko vya rangi ya maji machafu, kama matunda ya pasheni yaliyogandana, kikubwa kuliko ngumi yangu, kimening'inia kwenye pande moja la ini kwa shina jembamba kuliko nilivyothubutu kuomba. Niligusa mapande mengine moja moja. Yalikuwa laini, mekundu, mazuri. Nikamwomba mzee uzi wa hariri.

Na hapo ukuta wa mbao ukaanza kusema. Kwenye benchi walikuwa wawili tu, na walianza pale walipoachia.

"Kapenta ina chumvi," alisema Mama Sichone. "Ndiyo iliyomharibu."

"Mimi naosha," alisema Ba Chanda. "Naosha mara tatu, mukwai."

"Unaosha mwenyewe?"

"Nani mwingine aoshe?"

Nilipitisha uzi kuzunguka shina, nikafunga fundo la kwanza. Damu ilijitokeza kidogo pembeni, nikaikandamiza kwa kipande cha shashi. Kule nje Mama Sichone aliuliza kama Meneja, akiwa ng'ambo, hulala wapi. Ba Chanda akamwambia hulala juu ya kabati la redio, kwa sababu redio inapata joto. Akasema yeye hasikilizi redio siku hizi, ila huiwasha alasiri ili kabati lipate joto. Mama akasema kwamba kwake hulala kwenye kiti cha marehemu, na kwamba mwanzoni alikuwa akimfukuza kwa ufagio, baadaye akaacha, maana ilikuwa afadhali kuona kiti kina mtu. Mkono wangu ulisimama. Daktari Nzunda, bila kuinua macho kutoka kwenye kifua cha paka, akaniambia, "Kaza uzi. Hayo utayasikiliza baadaye." Nikakaza. Nikafunga la pili, la tatu, nikakata. Kishada kikaanguka kwenye beseni kwa mlio wa kitu kizito, na nje mazungumzo yakakatika ghafla. Ilibidi mzee apaze sauti kuwaambia kwamba hicho kilichoanguka ndicho kinachotakiwa kuanguka.

Meneja alikawia kuamka. Tulijua atakawia, kwa ajili ya ini, lakini kujua hakusaidii. Jua lilihama dirishani. Tulimfunika kwa khanga ya Mama Sichone na chupa za maji ya moto, na wale wawili wakaruhusiwa kuingia, wakasimama kila mmoja upande wake wa meza. Hakuna aliyeita jina, nadhani kila mmoja alimwachia mwenzake. Hatimaye ncha ya mkia ikatikisika, kisha jicho moja likafunguka, na kwa jicho hilo moja akatutazama sote kama mkubwa wa kazi aliyekuta watu wamejazana ofisini kwake. Mama Sichone alikaa chini, palepale sakafuni. Mimi nilitoka nje, nikasimama kati ya matairi na chipsi, nikagundua kwamba sijawaza kuhusu Dar es Salaam tangu asubuhi.

Kipande cha uvimbe nilikitia kwenye chupa yenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, nikakipeleka maabara ya Morogoro kwa basi. Kondakta aliuliza kuna nini ndani. Nikasema ini. Akauliza la nani. Nikasema la Meneja. Akaipokea chupa kwa mikono miwili na kuiweka kwenye kiti, peke yake, karibu na dereva, akiwa na sura ya majonzi. Majibu yalichukua majuma mengi, na katika majuma hayo mgonjwa alikaa kwenye kizimba chetu, na wenye mgonjwa walikuja kumwona kila mchana. Hawakuja mikono mitupu. Mama alianza na uji, Ba Chanda akajibu kwa ubwali, yaani ugali wa kwao, na ifisashi, yale majani ya maboga ya kupikwa na karanga. Mama hakukubali kushindwa na mwanamume aliyejifunza kupika uzeeni, akaleta pilau. Paka alikula kijiko, sisi tukala sufuria. Nilinenepa. Daktari Nzunda alianza kuomba, wazi wazi, kwamba maabara isifanye haraka. Kutoka nyuma ya pazia tulisikia ubishi wao ukibadilika rangi siku baada ya siku: kwanza chumvi, kisha namna ya kupika, kisha watoto wao waliokuwa mbali, kisha vicheko vya chini ambavyo wakiingia wateja vilikoma. Siku moja Ba Chanda alichelewa, na Mama Sichone alikaa benchini akitazama barabara, chakula kimefunikwa. Paka alikuwa nyuma yake akimwita, na yeye hakusikia.

Majibu yalipokuja niliyasoma kwa sauti mbele yao, nikiyageuza kutoka lugha ya kitaalamu. Uvimbe wa mirija ya nyongo, wenye vifuko, usio saratani. Umetoka wote. Mama Sichone aliuliza kama maana yake hatakufa. Nikamwambia atakufa, ila si kwa huo. Akafurahi kama nimemwahidi milele. Kisha kila mmoja mle chumbani akaelewa kwamba mgonjwa sasa amepona na lazima aende kwake, na hapakuwa na aliyejua kwake ni wapi. Daktari Nzunda ndiye aliyesema. Alisema yeye ni mtu wa ng'ombe na hayajui mambo haya, lakini kwa anavyoona, paka huyu hajawahi kuwa na nyumba mbili. Alikuwa na nyumba moja ambayo wenyewe walikuwa hawajafahamiana. Mama akamwambia azibe mdomo. Ba Chanda akaangalia kofia yake kwa muda mrefu, akaizungusha, halafu akamuuliza Mama Sichone kama anaweza kumsaidia kubeba tenga. Lilikuwa tenga la kubebwa na mtu mmoja kwa mkono mmoja. Walilibeba wawili.

Walifunga ndoa mwaka huo huo, mahindi mapya yalipokwisha kuingia stoo, na mimi nilikuwa bado Tunduma. Nilikaa miaka mingine mingi kabla ya kuhamia Mbeya. Meneja aliishi mpaka uzee wa kujikojolea, akavuka mtaro kila siku kama kawaida yake. Tangu wakati ule nimepasua maini mengi ya paka, na mara nyingi zaidi nimefungua na kufunga bila kukata kitu, kwa sababu ukungu ulikuwa umeenea kote, nikatoka nje kwenda kuwaambia watu waliokaa benchini. Uvimbe mwema kama ule nimeupata mara chache. Nilipokuwa kijana niliamini ulikuwa ustadi wangu.

Siku ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika, Mama Sichone aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, amevua viatu. Alinieleza alichougua mzee, jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Ini. Hospitali walimwonyesha uvimbe kwenye picha, wakasema umeenea kote. "Niliwaambia ninaye binti yangu Mbeya anayekata ini," alisema. "Wakaniuliza yuko hospitali gani. Nikawaambia duka la dawa za mifugo." Madaktari hawakumcheka, walikuwa vijana wenye adabu. Aliyecheka ni Ba Chanda mwenyewe, kitandani, akacheka mpaka nesi akaja mbio kuona kuna nini, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyomsikia akicheka vile.

Kisha akauliza, akitazama miguu yake, "Ungeweza, mwanangu?"

Nilikuwa na maneno marefu ya kitaalamu, yote ya kweli. Nikakaa karibu naye kitandani.

"Hapana, mama. Lake lilikuwa la aina nyingine."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Mzee naye alisema hivyo hivyo," akasema. "Nilitaka tu nisikie na kwako." Akanisogezea sahani iliyokuwa imefunikwa mezani, akaniambia nile nishibe, maana malori ni mengi na Mbeya ni mbali. Nikala, naye akakaa akinitazama mpaka nikamaliza.